Mkesha Usio wa Matanga

Ipo desturi moja ya wenzetu wa Marekani ambayo imekwisha kuenea katika nchi nyingi za dunia, nayo ni ile ya kutembea usiku kucha ili kuchanga fedha za kupambana na maradhi ya saratani. Watu hukusanyika uwanjani jioni, wakapiga mahema yao, wakazunguka kwa zamu mpaka jua la asubuhi liwakute. Jambo hilo peke yake si la ajabu, kwani kila taifa lina mikesha yake. Lakini mtu aingiaye katika uwanja huo usiku wa manane huweza kukuta mambo ambayo, kwa mara ya kwanza, yatamkera. Hukuta wanaume waliovaa magauni, wazee wanaoshindana kurukaruka ndani ya magunia, vijana wanaong'ang'ania kuvaa fulana zilizoganda kwa barafu, na watu wazima wenye mavazi ya kulalia wakicheza dansi hadharani. Mtu mwenye haya atauliza: Je, hivi ndivyo yanavyoshughulikiwa maradhi yanayoua watu kwa mamilioni? Kicheko kina haki gani mahali kama hapo?

Swali hilo ni la haki, wala hatuoni sababu ya kulikwepa. Kwetu sisi maradhi mazito ni jambo la kuinamisha kichwa. Mtu akiingia katika nyumba yenye mgonjwa hushusha sauti, huvua viatu mlangoni, na watoto hufukuzwa wakacheze mbali. Kwa hiyo yatupasa kwanza tueleze desturi hiyo ilivyoanza na inavyokwenda, saa baada ya saa, kisha ndipo tutoe hukumu.

Mnamo mwezi wa Mei, mwaka 1985, katika mji wa Tacoma, jimbo la Washington, lililo katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani, daktari mmoja mpasuaji aitwaye Gordon Klatt alikusudia kuichangia fedha American Cancer Society, chama cha kupambana na saratani kilichoundwa mwaka 1913. Daktari huyo hakuandika barua za kuomba, wala hakuandaa karamu ya matajiri. Alikwenda katika uwanja wa michezo wa Baker Stadium, ulio katika chuo kikuu cha Puget Sound, akauzunguka kwa miguu muda wa saa 24. Rafiki zake walitoa dola 25 kila mmoja ili wapate kufuatana naye kwa nusu saa. Hata alipokwisha, alikuwa amekwenda zaidi ya maili 83, yaani kama kilometa 133. Mtu atokaye Dar es Salaam kwa miguu kwa mwendo huo angekuwa amekwisha kuipita Chalinze. Fedha zilizopatikana zilikuwa dola 27,000.

Alipokuwa akizunguka, daktari alifikiri jinsi watu wengine nao wangeweza kushiriki, si kwa kusimama kando na kupiga makofi, bali kwa kuingia wenyewe uwanjani. Mwaka uliofuata, 1986, timu 19 zilikusanyika katika uwanja mwingine wa mji huo huo uitwao Stadium Bowl, zikazunguka kwa kupokezana, zikapata dola 33,000. Ndipo desturi ikakua, ikapewa jina la Relay For Life, ambalo kwa lugha yetu twaweza kulieleza kuwa ni mwendo wa kupokezana kwa ajili ya uhai. Leo inajulikana katika nchi zaidi ya 20, zikiwamo Kanada, Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Daktari Klatt mwenyewe baadaye alipatwa na saratani ya tumbo, akafariki dunia mwaka 2014 kwa ugonjwa wa moyo. Aliyeanza kutembea kwa ajili ya wagonjwa wake alimaliza akiwa mmoja wao.

Sheria kubwa ya usiku huo ni moja tu: kila timu lazima iwe na mtu mmoja anayetembea wakati wote. Wengine wanaweza kula, kupumzika au kucheza, lakini kijiti hakitui chini. Sababu yake huelezwa kwa maneno machache, kwamba saratani hailali. Na usiku wenyewe umefanywa kuwa mfano wa safari ya mgonjwa. Jua linapotua ni ile saa daktari anapomwambia mtu habari asiyoitaka. Giza na baridi ni zile siku za dawa kali, za kutapika na kunyonyoka nywele, wakati mtu anapotamani kuacha. Mapambazuko ni siku ya kumaliza matibabu, ambayo mgonjwa aliyekuwa gizani hakuamini kama itafika. Mtu aliyekwisha kuuguza hahitaji mfano huo. Lakini yule ambaye maradhi hayajafika mlangoni kwake hufundishwa na miguu yake mwenyewe jambo ambalo hotuba isingeweza kumfundisha.

Shughuli hufunguliwa na watu waliougua. Wao ndio wanaotembea mzunguko wa kwanza, wakiwa wamevaa fulana za rangi ya zambarau, na watu wengine wote husimama ukingoni mwa njia wakiwashangilia. Yupo aliyepona miaka mingi iliyopita, na yupo ambaye bado yu katika dawa, anayesukumwa katika kiti cha magurudumu. Baada yao huingia wale waliowauguza: mume, dada, binti, jirani. Twaona jambo hili la kuwakumbuka wanaouguza ni la busara kubwa, kwani nao hukesha kwa miezi na miaka, na ni nadra mtu kuwaambia ahsante.

Giza likishaingia vema, taa za uwanja huzimwa. Kandokando ya njia huwa imepangwa mifuko ya karatasi yenye mchanga ndani yake, na juu ya mchanga mshumaa, na juu ya kila mfuko limeandikwa jina la mtu: aliyekufa kwa saratani, au anayeugua, au aliyepona. Mifuko hiyo hulipiwa, na fedha zake huingia katika mchango. Mishumaa huwashwa, majina husomwa, kisha watu wote hutembea mzunguko mmoja kimya kabisa. Katika mzunguko huo hakuna muziki wala mzaha. Watoto hutafuta jina la babu yao, na mjane hutafuta jina la mumewe. Twataka msomaji alishike sana jambo hili, maana anayekuta magauni na magunia saa saba za usiku hajui kwamba watu hao hao, saa chache kabla, walikuwa wamesimama mbele ya mishumaa wakilia.

Basi sasa tuje kwenye michezo yenyewe. Sisi twaona kwamba ina kazi nne, na kila mchezo mzuri hutimiza moja au zaidi ya kazi hizo.

Kazi ya kwanza ni kuushinda usingizi. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani, na katika muda wa kati ya saa tisa na saa kumi na moja za alfajiri joto la mwili hushuka, macho huwa mazito na moyo hupoa. Huo ndio wakati watu wanapotamani kukunja mahema na kurudi makwao. Waandaaji wenye akili hawaachi saa hizo zipite tupu. Kila mzunguko huupa sura yake. Mmoja utakuwa wa kutembea kinyumenyume, mwingine wa watu wawili kufungwa mguu kwa mguu, wa tatu wa mavazi ya kulalia, na wa nne wa kila mtu kuvaa kofia ya ajabu kuliko zote alizonazo. Wengine huwagawia watembeaji ushanga mmoja kwa kila mzunguko wanaoumaliza, na ukifika usiku wa manane watoto huwa na mikufu mirefu shingoni, wala hawakubali kulala kabla hawajaongeza punje nyingine. Wengine hugawa karata moja kwa kila mzunguko, na baada ya mizunguko mitano mwenye karata bora hupata zawadi. Ni vitu vidogo, lakini mtu ambaye miguu imemuuma atakwenda mita mia nne nyingine kwa ajili ya ushanga mwekundu, ijapokuwa asingekwenda kwa ajili ya hotuba.

Katika jamii hiyo hiyo uko mchezo wa fulana za barafu, ambao Wamarekani wanaupenda sana wakati wa kiangazi. Fulana hurowekwa maji, zikakunjwa, zikagandishwa ndani ya jokofu mpaka ziwe ngumu kama matofali. Kila timu hupewa moja, na mtu wa kwanza kuikunjua na kuivaa ndiye mshindi. Watu huzipiga chini, huzikalia, huzipulizia pumzi, na hakuna anayeweza kusinzia akitazama. Kisha iko mbio ya yai katika kijiko, mbio za magunia, kuvuta kamba, na kutafuta vitu vilivyofichwa gizani kwa mwanga wa tochi. Mingi ya michezo hiyo haihitaji kuletwa kutoka ng'ambo, maana hakuna shule ya msingi katika nchi yetu isiyojua mbio za magunia.

Kazi ya pili ni kuchuma fedha, na hapa ndipo ubunifu unapoonekana. Haba na haba hujaza kibaba. Timu huuza keki, kahawa na supu ya moto. Hujenga jela ya mchezo kwa mbao na kamba, na mtu yeyote aweza kulipa kiasi kidogo ili rafiki yake au mkubwa wake wa kazi akamatwe na kufungwa humo, naye mfungwa hawezi kutoka mpaka awapigie simu jamaa zake wamchangie dhamana. Hayo magauni ya wanaume tuliyoyataja nayo yana sababu yake. Kila timu humtoa mwanamume mmoja, akapambwa, akapewa pochi, akatumwa kuzunguka uwanjani kwa nusu saa akiomba fedha. Taji hapewi aliyependeza, bali yule ambaye pochi yake imekuwa nzito kuliko zote. Na majuma kadhaa kabla ya mkesha, katika miji mingine, mtu huamka asubuhi akakuta mbele ya nyumba yake kundi la ndege wa plastiki wenye rangi ya waridi, mfano wa wale heroe wa Ziwa Natron, pamoja na kibarua kinachomwambia kwamba akitoa mchango ndege wataondolewa, na akiongeza kidogo wataweza kupelekwa kwa jirani atakayemtaja. Mtu aliyedaiwa kwa namna hiyo hutoa huku anacheka, na anayetoa huku anacheka hurudia mwaka ujao.

Kazi ya tatu ni kufundisha. Katika mikesha iliyoandaliwa vizuri huwapo mashindano ya maswali, na maswali yenyewe huhusu maradhi. Ni dalili zipi za saratani ya titi? Ni kemikali ya namna gani iliyomo katika moshi wa sigara? Ni chanjo gani inayozuia saratani ya mlango wa kizazi? Timu hujibu, hupata pointi, na wanaokosea huchekwa, lakini jibu lililo sahihi halisahauliki. Elimu hii si ya mzaha. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 peke yake watu karibu milioni 20 waligunduliwa kuwa na saratani, na watu kama milioni 9.7 walikufa kwa maradhi hayo. Shirika la Afya Duniani lasema pia kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zaweza kuzuiwa. Kila atakayeondoka uwanjani akijua jambo moja asilolijua jana, huyo amefaidi kuliko mshindi wa fulana ya barafu.

Kazi ya nne ndiyo kubwa kupita zote, nayo ni kumrudisha mgonjwa kati ya watu. Saratani ina ukatili wa namna mbili. Hula mwili, na humtenga mtu. Rafiki huacha kuja kwa sababu hawajui la kusema. Wakija hukaa kwa staha kama waliokuja kuzika. Mgonjwa aliyekuwa fundi, au mcheshi, au mwimbaji wa kikundi, hugeuka kuwa mgonjwa tu, na jina lake la zamani husahauliwa kabla hajafa. Katika uwanja wa mkesha mambo huwa kinyume. Mama aliyenyonyoka nywele ndiye anayeamua kofia ipi ni ya ajabu kuliko zote. Mzee anayetembea na fimbo ndiye hakimu wa mbio za magunia, na akiwaonea watu hupigiwa kelele kama hakimu mwingine yeyote. Kwa usiku mmoja hatazamwi kwa huruma, anatazamwa kama mtu. Tusidhani kwamba hiyo ni zawadi ndogo.

Basi hapo ndipo tunapoweza kumjibu yule mwenye haya. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu, kwani wazee wetu walikwisha kulijua. Ni nani kati yetu asiyewajua watani msibani? Wenye msiba wamekaa chini, wamejifunika, hawana nguvu, na hapo hapo mtani huingia amevaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake na kikohozi chake, anadai deni ambalo halikuwapo, anazuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Mgeni asiyejua mila atadhani huyo ni mwendawazimu au adui. Kumbe ndiye anayebeba maji, anayechimba kaburi, anayehakikisha wafiwa wamekula. Mzaha wake haudharau kifo, bali humnyima kifo ufalme wa nyumba nzima. Mwenye kufiwa akicheka hata mara moja katikati ya kilio chake, amejua kwamba bado yu hai. Twasema ya kwamba mwanamume wa Tacoma aliyevaa gauni saa saba za usiku akiomba fedha za wagonjwa, na mtani wetu aliyevaa kanzu ya marehemu, hao ni ndugu wasiojuana.

Walakini kicheko nacho kina mipaka yake, na hatutakuwa waaminifu kwa wasomaji tusipoyasema haya pia.

Kwanza, mchezo usimwonee mgonjwa. Mzaha umlenge mwenye afya, au uyalenge maradhi yenyewe, lakini kamwe usimlenge mtu kwa sababu ya mwili wake ulioharibiwa. Mtani ajuaye kazi yake hutambua ni nani wa kutaniwa na ni nani wa kuachwa. Tena, mtu aliye katika dawa kali ana damu dhaifu na huambukizwa upesi. Kwa hiyo chakula kiwe kimepikwa vizuri, maji yawe salama, pawepo mahali pa kukaa na kulala, na asiwepo wa kumlazimisha kucheza au kutembea zaidi ya nguvu zake. Mzunguko mmoja wa mgonjwa una uzito kuliko hamsini za kijana.

Pili, lisifanywe jambo linalopingana na kusudi la usiku huo. Itakuwa aibu kubwa kuchanga fedha za kupambana na saratani huku watu wanavuta sigara na kunywa pombe, wakati inajulikana kwamba tumbaku ni chanzo kikubwa cha saratani inayoweza kuzuiwa, na pombe nayo imo katika orodha hiyo. Vilevile mishumaa mia kadhaa ndani ya karatasi si jambo la mchezo. Mchanga uwe wa kutosha, ndoo za maji ziwe karibu, na siku ya upepo zitumike taa ndogo za betri, kama wengi wanavyofanya siku hizi.

Tatu, hesabu. Michezo ikigharimu zaidi ya inavyochuma, hapo hakuna mchango tena, kuna tafrija tu. Muziki wa kukodi, jukwaa la fahari na fulana za kila mtu huweza kuzimeza fedha zote kabla hazijamfikia mgonjwa mmoja. Uzuri wa daktari wa Tacoma ni kwamba alianza na viatu vyake na uwanja wa watu. Wenye kuandaa watangaze mbele ya wote, na ikiwezekana asubuhi ile ile, ni kiasi gani kimeingia, ni kiasi gani kimetumika, na kilichobaki kinakwenda wapi. Mtu aliyekesha ana haki ya kujua.

Nne, kila nchi ivae nguo yake. Mjini London uko mkesha mwingine mashuhuri uitwao MoonWalk, ambao ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Uliasisiwa na mwanamke aitwaye Nina Barough, ambaye katika siku hizo hizo za kuanza kazi hiyo aligunduliwa kuwa yeye mwenyewe ana saratani ya titi. Huko maelfu ya wanawake, na wanaume pia, hutembea usiku mwendo wa marathoni au nusu yake wakiwa wamevaa sidiria zilizopambwa kwa manyoya, maua na vimetameta, ili jambo ambalo watu huona haya kulitaja lionekane na kila mtu. Kwa Waingereza limefaulu sana. Hatudhani kwamba litafaa Bagamoyo au Lamu, wala hakuna haja. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni haji na paa la nyumba. Linalofaa kuchukuliwa ni lile wazo la kuitoa haya hadharani kwa kicheko. Vazi tutachagua wenyewe. Sisi tuna ngoma, tuna mashairi ya kujibizana, tuna vitendawili na hadithi za usiku, tuna bao, tuna taarabu. Mkesha wenye mashindano ya vitendawili saa tisa za alfajiri hautashindwa na fulana za barafu.

Kwa nini twayasema haya yote kwa wasomaji wa hapa? Kwa sababu mikesha ya Marekani na Uingereza imegusa jeraha ambalo na sisi tunalo, nalo ni kunyamaza. Matembezi ya hisani ya mchana tumekwisha kuyazoea, lakini maradhi yenyewe bado hutajwa kwa kunong'ona. Hapa Tanzania iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, katika majengo ambayo Wajerumani waliyajenga ukingoni mwa bahari mwishoni mwa karne ya 19, na ambayo mwaka 1996 yalifanywa kuwa taasisi kamili kwa ajili ya kazi hii. Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi nako hutolewa matibabu. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowasumbua wanawake wetu kuliko nyingine zote, ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Basi mahali pa kutibiwa papo, na kinga ipo. Hata hivyo wagonjwa walio wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, maradhi yamekwisha kuenea, na tiba ambayo ingeweza kuponya haina tena ila kupunguza maumivu.

Sababu za kuchelewa huko ni nyingi. Nauli ni kubwa, safari ni ndefu, dalili hazijulikani. Lakini moja ya sababu hizo ni haya, na haya haiondolewi kwa kujenga hospitali nyingine. Mama ameona uvimbe katika titi akauficha kwa mumewe. Mzee ameona damu akaona aibu kumwambia mwanawe. Wote wamesikia kwamba saratani ni hukumu ya kifo, na hawajamwona hata mtu mmoja aliyesimama mbele ya watu akasema, mimi niliugua, nami nipo. Wahenga wamesema, mficha maradhi kilio humfichua. Na watu huficha kile ambacho jamii imekubaliana kutokitazama.

Hebu tufikiri basi ni nini ambacho mama yule mwenye uvimbe angekiona kama angepita kando ya uwanja wa namna hiyo jioni moja. Angewaona wanawake kumi, ishirini, wenye fulana za zambarau, wanatembea mbele ya umati na umati unawashangilia. Angemsikia mmoja wao akitaja maradhi kwa jina lake bila kunong'ona, akataja mwaka alioanza matibabu na mwaka alioyamaliza. Saa mbili baadaye angemwona mwanamke huyo huyo akicheka mpaka machozi yamtoke kwa sababu mumewe ameanguka na gunia lake. Tunaamini kwamba asubuhi yake mama huyo angefunga safari. Huenda angekwenda akiwa bado anaogopa, lakini angekwenda mapema, na kwa saratani, mapema ndiyo nusu ya dawa.

Kwa ajili hiyo twawaambia viongozi wa vijana, walimu, vyama vya akina mama, na vikundi vya misikiti na makanisa: mkitaka kuandaa mkesha kama huo msiogope kwamba michezo itauvunjia heshima. Uanzeni kwa waliougua, uwekeni kimya cha mishumaa mahali pake, na baada ya hapo waacheni watu wacheke. Mpangeni kila saa na mchezo wake, na saa za alfajiri zipeni ule ulio bora kuliko yote. Mwekeni mtu wa kuhesabu fedha, na mwingine wa kujibu maswali ya maradhi, tena awe daktari au muuguzi ambaye mtu aweza kumvuta kando na kumwuliza kwa siri lile alilolificha nyumbani.

Siku hizi hata huko Marekani miji mingi imeufupisha mkesha, ukaisha usiku wa manane badala ya asubuhi, kwa kuwa watu wana kazi na umri nao una haki zake. Hatulaumu. Lakini panapowezekana, usiku ufikishwe mwisho wake. Maana katika saa zile za mwisho, baridi inapokuwa kali, muziki umechoka na magunia yamelala chini, hapo ndipo hubaki wale waliosema kwamba hawatamwacha mtu atembee peke yake. Mashariki huanza kupauka, na mtu wa zamu ya mwisho hukipokea kijiti.

Nasi twasema: na kipokewe.